Kahawa Iliyokaushwa Darini

Mtu akiniambia kwamba kahawa ndiyo iliyoijenga Mbozi, simbishii. Nyumba za bati naziona, shule naziona, makanisa ya matofali ya kuchoma nayaona. Lakini nikisikia watu redioni wakibishana kama nchi huendelea kwa mipango ya serikali au kwa juhudi za wafanyabiashara, huzima redio. Wote wawili walipita nyumbani kwetu, karibu na Igamba, nikiwa binti mdogo, wakati wa Mwingereza. Kila mmoja alichukua chake akaenda. Nitaandika walichochukua. Sikusoma sana, nilikaa shule ya misheni mpaka nikaweza kusoma Biblia na kuandika barua, basi. Anayetaka Kiswahili cha maofisini atafute kwingine.

Baba yangu alikuwa mtu wa machimbo, na si kwa kupenda. Kodi ya kichwa ilidaiwa kila mwaka na ilidaiwa kwa fedha, hawakutaka ulezi wala kuku. Fedha kwetu haikuwepo. Ilikuwa kwenye mashamba ya wazungu, ambako mtu alilima mwezi mzima akapewa kitu cha kuchekesha, au ilikuwa ng'ambo, kwenye shaba, Rhodesia ya Kaskazini. Huko mshahara ulikuwa wa maana, na watu walirudi na mablanketi mazuri na vifua vibovu. Serikali ilitaka kodi, kampuni za ng'ambo zilitaka mikono, na haja zao zikakutana mlangoni petu. Baba alifunga mzigo, akashika njia ya Tunduma na wenzake kwa miguu, akavuka mpaka. Alirudi baada ya misimu, akakaa mpaka fedha ikaisha, akavuka tena. Mimi nilimjua baba kama mgeni mwenye paji la uso pana, anayekuja na sukari.

Aliyetulea ni mama, na kilichotulisha ni shamba lake la ulezi. Lilikuwa kwenye mteremko juu ya kijito, udongo mweusi, unaoshika maji. Siku hizi watu wakisikia ulezi wanafikiri uji wa watoto. Kwetu ulezi ulikuwa zaidi ya chakula. Mwanamke mwenye shamba kubwa na mume aliye mbali alilima namna gani? Alichukua ulezi wake, akauotesha kimea, akapika pombe, akatangaza siku. Asubuhi majirani wanakuja na majembe, wake kwa waume, wanalima kwa nyimbo na kwa matusi ya utani, na jua likifika utosini shamba limegeuzwa lote. Ndipo wanakaa kunywa. Kesho ni zamu ya mwingine, nawe unabeba jembe unakwenda kwake. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyelima peke yake. Mwanamke asiye na ulezi ghalani alikuwa kama mtu aliyekatwa mikono.

Mwaka mmoja baba alirudi akiwa anakohoa. Hakuwa mzee, lakini akipanda mteremko kutoka kijitoni alisimama mara mbili kupumua. Mwaka huohuo tuliitwa barazani kwa jumbe. Alikuwa amekuja bwana shamba wa kizungu na mkalimani wake. Wanaume walikaa mbele, wanawake tukasimama nyuma na watoto migongoni.

Mzungu alisema serikali imepanga watu wa Mbozi waendelee. Wazungu walikuwa na kahawa miaka mingi, sasa Waafrika nao walime. Miche ingetolewa. Chama cha ushirika kingefunguliwa, kingenunua kahawa yote kwa bei iliyopangwa, na mkulima asingedanganywa na wenye maduka. Ila mteremko wenye udongo mzuri usiendelee kupandwa ulezi, maana ulezi unachosha ardhi, na tena ndio unaowafanya watu walevi. Wenye mashamba juu ya kijito wataanza, wawe mfano.

Mama alipaza sauti kutoka nyuma. "Mwambie bwana, shamba la juu ya kijito ni langu. Nikilitoa, ulezi wangu nitaupanda wapi?"

Vichwa vikageuka. Mwanamke hakusemaga barazani. Mkalimani akamtazama mama, akamgeukia mzungu, akasema maneno machache ya Kiingereza. Mzungu akatabasamu, akajibu. Mkalimani akatangaza, "Bwana anafurahi sana. Anasema miche italetwa kabla ya mvua."

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amesimama karibu nasi. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Wifi, umeuliza njaa, umejibiwa mvua. Uliza tena, labda utajibiwa harusi."

Wanawake wakacheka. Baba hakucheka. Njiani alisema, "Umenitia aibu mbele ya mzungu."

"Aibu gani? Nimeuliza chakula."

"Sikiliza, mama watoto." Alisimama, si kwa hasira, kifua kilikuwa kinambana. "Mimi kule chini ya ardhi sitadumu. Kahawa inataka miaka mitatu kuzaa. Nitavuka mara moja hii, ya mwisho. Kahawa ikizaa, kodi italipwa hapahapa. Sivuki tena. Unanisikia? Sivuki tena."

Hayo ndiyo maneno yaliyolitoa shamba mkononi mwa mama. Si mzungu, si jumbe. Mama alitoa ulezi wake ili mumewe akae nyumbani. Hata mimi, mtoto, nilielewa hivyo, na tangu siku hiyo kila mche wa kahawa niliuona kama kamba ya kumfungia baba asiende.

Ulezi wa mwisho uliokuwa ghalani mama aliupika pombe ya kupandia. Watu wakaja wengi, maana walijua hakuna nyingine nyuma yake. Wakachimba mashimo kama walivyoelekezwa, mapana na marefu kwenda chini, wakajaza samadi, wakapanda. Jioni shamba lote lilikuwa na vimche vidogo vyenye majani ya kung'aa, na watu walikuwa wamelewa vizuri. Baba aliandikishwa chamani kuwa mwanachama, kwa sababu mwanachama ni mwanamume mwenye kulipa kodi. Kisha akavuka.

Kilichofuata hakikuandikwa katika mpango wa mtu yeyote. Kahawa inataka palizi, tena palizi nyingi, na inataka kufunikwa nyasi chini ili udongo usikauke. Bwana shamba alituma wasaidizi wake kukagua, na shamba chafu lilikuwa na faini. Mwaka wa pili magugu yakaja. Mama akageuka ghalani, ghala ni tupu. Ulezi kidogo tuliopanda kwenye udongo mwekundu nyuma ya nyumba ulitutosha uji, haukutosha kimea. Sasa awaite watu kwa kitu gani?

Alikwenda Mlowo kwa mwenye duka, akarudi na majani ya chai na sukari. Akatangaza siku.

Watu walikuja kwa heshima yake. Mama akachemsha chai kwenye chungu kilekile cha pombe, akaigawa kwa vikombe vya bati. Shangazi akanusa kikombe chake.

"Wifi, hiki ndicho?"

"Ndicho."

"Nikishakinywa, jembe litanyanyuka lenyewe au nilisaidie?"

Mzee mmoja jirani akakirudisha kikombe chini taratibu. "Mama, usinichukie. Kwetu chai ni ya mgonjwa, na mimi leo nimeamka salama."

Walicheka, na mama alicheka pamoja nao, lakini nilimwona anavyokaza kitenge kiunoni. Wakalima mistari michache ili wasimfedheheshe, wakaaga. Waliofuata walitaka fedha taslimu, na hatukuwa nayo. Basi tukapalilia sisi, mama na mimi, kuanzia umande mpaka giza. Mikono yangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa magumu. Shule niliacha mwaka huo. Hakuna aliyeniambia niache. Palizi tu ilikuwa haiishi.

Nimewaza sana jambo hili uzeeni. Wale wa ofisini walipotazama ulezi waliona pombe. Walipotazama pombe waliona ulevi. Hawakuona kwamba yale ndiyo yaliyokuwa majembe yetu. Wakayaondoa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakatuletea faini kwa nini shamba lina magugu.

Mwaka wa tatu kahawa ikazaa. Ilizaa vizuri mno. Matawi yaliinama kwa punje nyekundu, na watu walisimama njiani kutazama. Wakati tunaanza kuchuma, baba akaja. Alikuwa amekonda, nguo zinamning'inia, lakini alipofika shambani alipita kati ya miti akiigusagusa kama mtu anayehesabu ng'ombe wake. "Mama watoto," alisema, "hizi umezifanya kwa chai?" Shangazi alikuwa ameshampasha habari zote. Mama akainama kuficha uso. Tangu nizaliwe sikuwahi kuwaona hawa wawili wakioneana haya kama vijana.

Tulimenya kahawa kwa mashine ya mkono tuliyoazimwa, tukailoweka, tukaiosha kijitoni mpaka utelezi ukatoka. Ikabaki kukausha. Hapo ndipo tuliposhindwa, na nataka nieleze vizuri, maana watu walicheka na wengine bado wanacheka.

Mafundisho ya kukausha yalikuwa yametolewa. Ndiyo, yalitolewa. Bwana shamba aliwaita wanachama kwenye shamba la mfano, akawaonyesha kichanja cha kuanikia, akawaonyesha kugeuza. Wanachama waliitwa. Mwanachama wetu alikuwa chini ya ardhi ng'ambo. Mke wa mwanachama hakuitwa. Mama aliona majirani wana vichanja, naye akajenga chake kwa fito. Lakini mwaka ule ukungu wa kipupwe ulitukalia. Anayejua Igamba wakati wa baridi anaujua. Unashuka asubuhi, na siku nyingine hauondoki mpaka kesho. Manyunyu hayaishi. Kahawa ikabaki mbichi siku baada ya siku, ikaanza kunuka uvundo, na mama akaona miaka mitatu inaoza mbele ya macho yake.

Akafanya alichofundishwa na mama yake. Kwetu kitu cha thamani hakiachwi nje. Mbegu ya ulezi, mahindi ya kupandwa, vyote hupandishwa darini juu ya jiko, moshi ukavipita. Moshi unakausha, unafukuza wadudu, unazuia ukungu. Mwanamke hupimwa kwa dari lake lilivyo jeusi. Mama akatandaza mkeka mpya darini, akaipandisha kahawa yote kwa zamu, akachagua kuni ngumu zisizo na utomvu, akakoka moto mdogo wa kudumu. Hakulala vizuri, aliulinda moto usizidi. Aliitunza kahawa ile kama anavyotunza mbegu.

Baba alikuwa akiuma punje kupima. Siku moja punje ikapasuka kwa mlio. "Sasa imekauka," alisema. "Hii ni kahawa."

Tukabeba, baba na mama na mimi na shangazi, tukaenda chamani. Kulikuwa na foleni na watu wengi wenye furaha. Zamu yetu ilipofika, karani alitia mkono guniani, akachota, akatazama, akaridhika. Kisha akaipeleka puani.

Akamwita mwenzake. Naye akanusa.

"Mzee, hii mmeikausha wapi?"

Baba alimtazama mama. Mama akasema, "Darini, juu ya moto. Kulikuwa na ukungu."

"Juu ya moto!" Karani akawageukia waliokuwa nyuma. "Mama, kahawa si samaki."

Foleni nzima ikacheka. Hata mimi nilitaka kucheka, kwa woga.

Baba akasema, "Karani, mliwaambia watu ikauke. Imekauka. Uma."

"Imekauka, ndiyo. Lakini inanuka moshi, na haitoki harufu hiyo mpaka Ulaya. Nikiimwaga ghalani itaharibu ya wenzenu wote. Ondoeni, tafadhali. Anayefuata!"

Sitamsingizia karani. Alisema kweli. Kahawa hunyonya harufu kama pamba, sasa najua. Lakini palikuwa na wakati wa kusema kweli hiyo, na wakati huo ulikuwa umepita siku ile walipowaita wanachama na kuwaacha wanaoikausha.

Tukageuza magunia njia ya Mlowo. Kumuuzia mwenye duka kulikatazwa, lakini kila mtu alijua mlango wake wa nyuma ulipo. Mwenye duka alitupokea vizuri. Alijua Kinyiha, lugha yetu, alimwita mama "dada," akampa baba kiti.

"Imekataliwa," akasema.

"Nani kakwambia?" baba akauliza.

"Iliyokubaliwa haifiki kwangu, ndugu yangu." Akafungua gunia, akacheka kidogo. "Mimi pua yangu ina mafua tangu nizaliwe. Weka kwenye mizani."

"Bei?"

Akataja bei. Baba akasema, "Hiyo ni bei ya kuni."

"Basi ipeleke kwa mwenye kununua kuni." Hakukasirika. "Ndugu yangu, serikali inanunua harufu. Mimi nanunua uzito, na mimi ndiye nitakayehangaika nayo. Utaibeba tena mpaka Igamba?"

Hatungeweza kuibeba tena mpaka Igamba. Alichotupa hakikufika hata kodi. Baadaye watu walituambia aliichanganya na kahawa safi kidogo kidogo akaiuza mjini, na ikanywewa. Sikuona kwa macho yangu, kwa hiyo siapi. Lakini sikusikia kwamba aliimwaga.

Asubuhi yake nilimkuta anafunga mzigo. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejaza mlango.

"Subiri mwakani," alisema. "Miti inazaa zaidi mwaka wa pili, wote wanasema. Na sasa nimejua kuianika."

"Kodi haisubiri mwakani."

"Nitauza mbuzi."

"Mbuzi ni wawili, mama watoto."

"Kifua chako je?"

Baba alikaza kamba. "Ulipaswa kujua kuianika mwaka huu."

Mama akaondoka mlangoni. Aliyeandikishwa ni yeye baba. Aliyepaswa kufundishwa ni yeye. Mama hakumwambia hivyo, na mimi mtoto sikuwa na kinywa. Namwambia leo, ambapo hanisikii. Baba alipita, akaniwekea mkono kichwani, akashika njia ya Tunduma.

Mwaka uliofuata kahawa ilizaa mara mbili, kama mama alivyosema. Tuliianika kwenye vichanja, tukaifunika ukungu ukija, tukaifunua ukiondoka, na chama kikaipokea kwa sifa. Sasa kukawa na tatizo jingine. Fedha hulipwa mwanachama, na mwanachama hayupo. Baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye hakuwahi kung'oa hata nyasi moja shambani mle, akaenda kutia kidole gumba kwa niaba ya ndugu yake. Akalipa kodi ya baba, ya mwaka ule na ya mwakani, akalipa ya kwake, akamletea mama kaniki mbili. Bwana shamba alileta wageni kuona shamba letu kama mfano. Walimsimamisha baba mkubwa kati ya miti, wakampiga picha. Mama alikuwa upande wa chini anatandaza nyasi, na mmoja wa wasaidizi akamwashiria asogee kidogo, anaharibu picha.

Mama hakujali picha. Alijali jambo moja. Alimtafuta kijana wa jirani aliyekuwa anavuka, akampa kuku wa njiani na ujumbe, akamfanya aurudie mpaka akaushika. "Mwambie kahawa imekubaliwa. Mwambie kodi imelipwa ya mwaka huu na ya mwakani. Mwambie hana sababu tena. Aje."

Tulingoja mvua nzima. Kijana aliporudi hakuja moja kwa moja kwetu, alizungukazunguka kwanza kwa watu, na hapo mama akajua. Akamwita mwenyewe, akamkalisha, akampa maziwa ya mgando, akamwacha anywe amalize.

"Umempata?"

"Nimempata, mama."

"Mzima?"

"Mzima. Hachimbi tena. Ni mlinzi wa ghala la kampuni. Kazi nyepesi."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote kama ulivyosema." Kijana alikuwa anazungusha kibuyu mikononi. "Alifurahi habari za kahawa. Alicheka. Anawasalimu sana."

"Hukuja na salamu tu. Sema."

"Ana mji kule, mama. Mwanamke wa Kibemba. Wana mtoto."

Mama akauliza, "Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Anatembea?"

"Ameanza kusimama."

Mama alipiga hesabu kimya, niliona midomo yake ikienda, na nadhani hesabu ilimwonyesha kwamba mimba ya mtoto yule ilitungwa kabla hata kahawa yetu haijaonja moshi. Au labda haikumwonyesha hivyo. Hakuniambia. Akasema, "Umefanya vizuri kunieleza," akamfungia kijana mahindi ya kumpelekea mama yake.

Shangazi alilia kwa niaba yetu sote, akamtukana baba, kaka yake, kwa matusi ambayo sitayaandika. Mama aliendelea na kahawa ile mpaka mgongo ulipokataa. Hakuwahi kupanda tena ulezi wa kutosha kuita watu. Aliikuza kahawa, baba mkubwa akaiuza, na nchi ikaendelea.

Siku hizi nikienda Tunduma hupita sokoni, ambako wanawake wa upande wa pili huja kuuza na kununua. Kuna mmoja wa makamo, anauza samaki wakavu, ana paji la uso pana na namna ya kusimama kidogo anapopanda ngazi za kibanda chake. Nimenunua kwake mara tatu. Ananiita mayo, yaani mama, kama wanavyoita kule, ananiongezea samaki mmoja. Mara ya mwisho nilimuuliza baba yake alikuwa mtu wa wapi. Akasema, "Wa upande huu huu wenu, mayo, lakini alifariki mimi mdogo. Kwa nini?"

Nikamwambia nilitaka tu kujua. Nikalipa, nikaenda zangu.